Jibu: Kompyuta 10 kwa wanafunzi 60 katika somo la fizikia

Mwalimu mwenzangu wa Bagamoyo, umeuliza namna ya kufundisha fizikia ukiwa na kompyuta 10, wanafunzi 60 na intaneti ya kusuasua. Nami nafundisha somo hilo hapa Tanga, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiisubiri intaneti. PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, hutoa bila malipo majaribio ya kuigiza kwenye skrini, na mengi yanaweza kupakuliwa mara moja, yakawekwa kwenye flashi na kufunguliwa bila mtandao. Baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Nusu ya darasa wakae watatu watatu kwenye kompyuta, nusu nyingine wawe na betri, nyaya na balbu halisi mezani, kisha wabadilishane. Nilipofanya hivyo kwenye mada ya umeme, binti mmoja alisoma ammita (kipimo cha mkondo wa umeme) ya kwenye skrini, akaja mezani, akauliza kwa nini ammita yetu inaonyesha mkondo mdogo zaidi. Swali lake ndilo lililotuingiza kwenye ukinzani wa ndani wa betri, yaani jinsi betri yenyewe inavyopunguza mkondo unaopita ndani yake, mada ambayo kwa ubao peke yake huwa naifundisha kwa taabu sana.

Nakusihi tu kipanya cha kompyuta kizunguke kwa zamu kila baada ya dakika chache, maana wapole, hasa wasichana, husukumwa pembeni upesi. Na kwa kuwa sote tuko pwani, zifunike mashine zako jioni. Chumvi ya hewani huzila.