Kamera ya Kisasa: Iachie Fokasi, Mwanga Ushike Mwenyewe

Kamera ninayofanyia kazi siku hizi ni Sony A7 IV, aina iliyotangazwa mwaka 2021. Haina kile kioo cha ndani tulichokizoea kwenye kamera za zamani. Ina megapikseli 33, inapiga picha 10 kwa sekunde, na inalitambua jicho la mtu, la mnyama na la ndege. Kwa sisi tulioanza na filamu, hayo ni makubwa, na naipenda kamera hii waziwazi. Lakini naona vijana wengi hapa Nairobi wakichukua mkopo wa sacco kununua kamera ya kiwango hiki, halafu picha zao zinabaki vilevile: macho yako wazi kabisa, nyuso zimekuwa rangi ya majivu. Hapo kamera imefanya kazi yake, mpigapicha bado.

Kamera ya kisasa inaamua mambo mengi kwa niaba yako. Ujuzi ni kufahamu uamuzi upi uiachie na upi uinyang'anye mkononi. Mimi fokasi, yaani kazi ya kuifanya picha iwe wazi pale nilipolenga, naiachia. Mwanga siuachi.

Nianze na fokasi, maana hapo ndipo wakongwe wenzangu wanapokuwa wabishi. Wapigapicha wa kizazi cha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia mwaka 1984, walizungusha lenzi kwa mkono. Kamera ya Minolta Maxxum 7000, iliyozoesha watu fokasi ya kujiendesha, ilitoka mwaka uliofuata. Hata Canon 5D Mark II ya mwaka 2008, ambayo wengi wetu tulilishia familia nayo hapa mjini, ilikuwa na pointi 9 tu za fokasi, zote zimesongamana katikati. Ulikuwa unalenga jicho, unashikilia, unahamisha fremu, unaomba mhusika asitingishike. Sasa kisanduku kidogo kinakaa juu ya jicho na kumfuata bibi harusi akicheza kuanzia mlangoni hadi meza kuu. Hakuna heshima yoyote unayoongeza kwa kuizima huduma hiyo. Iwashe, weka fokasi ya kufuatilia mfululizo, kisha hamishia kazi ya kufokasi kwenye kitufe cha nyuma kinachobonyezwa kwa kidole gumba, ili kidole cha shahada kibaki na kazi moja ya kupiga.

Jambo moja tu. Kamera inatafuta jicho, haijui jicho la nani. Bibi harusi akiingia, shangazi mwenye kilemba kirefu anaruka mbele kupiga vigelegele, na kisanduku kinahamia kwake papo hapo. Shela yenye nakshi nayo huivuta fokasi ikakaa kwenye kitambaa badala ya uso ulio nyuma yake. Kwa hiyo tenga kitufe kingine cha kukurudisha kwenye pointi moja ndogo, na ukizoee hadi kidole kikifikie bila wewe kuangalia.

Sasa mwanga, na hapa nitakaa.

Mita, yaani kipimamwanga kilicho ndani ya kamera, haijui inatazama nini. Msingi wake ni kuchukulia kwamba eneo linalopimwa ni la kijivu cha wastani, na kuongeza au kupunguza mwanga mpaka lifanane na kijivu hicho. Simama nje ya Msikiti wa Jamia Ijumaa baada ya swala, jua la saa saba likiwa kali. Mzee ametoka na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, uso wake mweusi, kofia ya vito kichwani. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga. Kanzu inatoka vizuri na uso unakuwa kivuli kisicho na mtu ndani. Umhamishe mzee huyo huyo mbele ya mlango wenye giza, kamera itaona weusi mwingi na kuongeza mwanga: ngozi inapauka, ule mng'ao wa shavu unapotea, anakuwa kama amepakwa vumbi. Kamera mpya zimeelekezwa kuupa uso kipaumbele zinapopima, na zinasaidia, lakini nikiziachia zenyewe mara nyingi huuinua uso mweusi kupita kiasi, kana kwamba weusi ni giza linalohitaji kuondolewa.

Tatizo hili halikuanza na kamera za dijitali. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilisambazia maabara kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu ili zitumike kusawazisha rangi wakati wa kusafisha picha, na kwa miongo mingi ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Wazazi wetu kwenye albamu za zamani wanaonekana meno na macho tu, na si kwamba wapigapicha wao hawakujua kazi. Sensa za leo, yaani kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga badala ya filamu, zinaweza kushika kila daraja la weusi wa ngozi, kuanzia kahawia hafifu hadi weusi unaokaribia samawati. Ndiyo maana inaniuma nikiona mtu ana sensa hiyo mkononi na bado anamtoa bibi wa watu akiwa amepauka.

Ninachofanya ni hiki. Naiweka kamera kwenye modi ya mkono: tundu la lenzi nachagua mimi, kasi ya shata, yaani ule mlango unaofunguka kupitisha mwanga, nachagua mimi. Watu wakiwa wanasogea kwenye mwanga unaobadilikabadilika, ISO, yaani kiwango cha kamera kuukuza mwanga ilioupata, naiachia ijipandishe yenyewe, lakini gurudumu la kuongeza na kupunguza mwanga liko chini ya kidole gumba na halipumziki. Kisha nawasha ile mistari ya pundamilia kwenye kitazamio, inayojichora juu ya sehemu zilizokaribia kuungua kwa mwanga. Kwenye kanzu ya yule mzee, mistari ikianza kugusa bega linalopigwa na jua, nimefika. Ikigusa paji la uso, nimepita, narudi nyuma. Sehemu iliyoungua haina kitu ndani yake na hakuna programu itakayoirudisha, ila kivuli kwenye faili ya RAW, yaani picha ghafi kabla kamera haijaichakata, unaweza kukiinua kidogo baadaye bila kuharibu kitu.

Zaidi ya kiasi cha mwanga kuna mahali unapotokea. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa kuakisi. Ukimulika mtu kwa fleshi ndogo usoni moja kwa moja, unapata kidoa cheupe kwenye paji na kingine puani, kilichobaki ni bapa. Lakini mkalishe bibi harusi kando ya dirisha kubwa, pazia jembamba limefungwa, uso umegeuka nusu. Mwanga unapita juu ya mfupa wa shavu, unashuka kwenye taya, unakamata ukingo wa mdomo, na mafuta aliyojipaka yanafanya kazi badala ya kukuharibia. Tundu f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kasi 1/250 ya sekunde, ISO itakavyohitajika. Upande wa pili weka mtu ashike shuka jeupe kama huna kiakisi. Vyumba vingi vya ghorofa kule Pangani au South C vina dirisha la namna hiyo, ila limezibwa na kabati na masanduku ya nguo. Omba kwa adabu yahamishwe. Mama mkubwa wa bibi harusi akikuona unahangaika kwa ajili ya binti yake, atayasogeza yeye mwenyewe.

Halafu yapo mahema. Nairobi hakuna ruracio, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu, wala karamu ya nyumbani isiyo na hema, na hema likiwa la bluu au la maruni, kila aliye chini yake ni wa bluu au wa maruni. Kamera inajaribu kukisia rangi ya mwanga na inabadilisha mawazo kila ukigeuka, hivyo picha kumi za meza moja zinatoka na rangi kumi. Zima makisio hayo. Weka mwenyewe Kelvin, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, anzia karibu na 5500, piga picha ya kwanza ukiwa umemshikisha mtu kadi ya kijivu, na uitumie kusawazisha zote baadaye. Upande mmoja wa uso ukiwa na bluu ya hema na mwingine na manjano ya jua la jioni, hapo hata RAW haikuokoi. Waombe maharusi watoke nje kidogo kwa ajili ya picha zitakazotundikwa ukutani.

Jua lenyewe la mji huu lina tabia yake. Tuko takriban digrii 1.3 kusini mwa Ikweta, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi Machi, na tena kuelekea Oktoba, jua la saa sita mchana linasimama karibu juu ya utosi, na macho yanakuwa mashimo mawili. Saa hiyo mimi huingiza watu chini ya mti au baraza, ingawa kwenye msitu wa Karura kijani cha majani hupanda hadi kwenye ngozi, kwa hiyo watafute uwazi kidogo. Jioni nayo haikusubiri: jua la Ikweta huteremka wima, ule mwanga wa dhahabu unaouona saa kumi na moja na nusu umekwisha ifikapo saa kumi na mbili na nusu hivi, na giza linafuata haraka. Mteja akikwambia atachelewa nusu saa tu, mweleze wazi kwamba nusu saa hiyo ndiyo picha zenyewe. Lakini Juni na Julai, wakati wenzetu wanalalamikia baridi na mawingu, mimi nafurahi, kwa sababu anga lote limegeuka pazia moja jeupe na unaweza kupiga nyuso mchana kutwa.

Shata ya kielektroniki, ile isiyo na sauti, inataka uangalifu. Kanisani wakati wa viapo inapendeza sana. Lakini kwenye kamera nyingi sensa husomwa mstari kwa mstari, na taa za LED zinapepesa bila jicho kuona. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara mbili ya hapo, yaani mara 100 kwa sekunde, na ukipiga kwa 1/500 unapata mikanda myeusi imekatiza picha nzima. Tumia shata ya kawaida, na ukae kwenye 1/100 au 1/50 taa zikianza kusumbua. Zile skrini kubwa nyuma ya madhabahu zina kasi zao, hivyo fika mapema ujaribu kabla waumini hawajaingia.

Ukimya huo wa shata unakupa uwezo wa kumpiga mtu picha barabarani bila yeye kujua. Msingi wangu ni kuomba. Mama muuza mboga pale soko la Gikomba au kondakta wa matatu akikukubalia, anakupa uso ambao usingeupata kwa kuiba. Picha ya mtu inayotambulika ni taarifa yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ukitaka kuitumia kwa tangazo unahitaji ridhaa yake. Mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Andikeni, hata karatasi nusu.

Vumbi nalo. Kamera isiyo na kioo sensa yake iko mbele kabisa, na Januari ya Nairobi haina huruma. Kuna aina zinazofunga shata ukizima kamera. Tafuta mpangilio huo kwenye menyu uuwashe. Badilisha lenzi ndani ya begi, kamera ikiwa imezimwa na mdomo umetazama chini, na nunua kipulizio cha mpira. Sensa usiiguse kwa shati wala kuipuliza kwa mdomo. Betri beba za akiba, maana kitazamio cha kielektroniki kinakula umeme hata usipopiga. Kadi zote mbili za kumbukumbu ndani ya kamera ziandike picha ileile kwa pamoja kwenye kazi ya kulipwa, bila mjadala. Faili moja ya RAW ya megapikseli 33 ni kati ya megabaiti 35 na 70 kutegemea ulivyoibana, hivyo gharama ya diski iingie kwenye bei unayomtajia mteja.

Kama bado hujanunua, gawa pesa zako hivi: mwili wa mtumba ulio mzima, lenzi nzuri. Mwili wa kamera utaubadilisha, lenzi utakaa nayo. Lenzi ya 85mm f/1.8, inayovuta karibu, kwa nyuso na ya 35mm, inayochukua eneo pana, kwa kilichobaki zinatosha kuanzia kazi. Ukienda kununua katikati ya jiji, nenda na kadi yako, laptopu yako, na rafiki. Angalia idadi ya mibonyezo ya shata. Piga anga kwa f/16 uone kama kuna madoa kwenye sensa. Mulika tochi ndani ya lenzi utafute ukungu. Namba ya kamera ilingane na iliyo kwenye risiti, kwa sababu kamera za wizi zipo nyingi na zina wenyewe wanaozitafuta. Mwisho msimamishe rafiki yako mlangoni, nusu kivulini nusu juani, umpige kwa mipangilio niliyoitaja, kisha ufungue faili papo hapo na uutazame uso wake. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo, mshukuru uende duka la pili.