Fimbo ya boya: mita 2 au mita 4?

Ndugu yangu wa Lindi, nimekuelewa: unataka kuvua perege wa Ziwa Rutamba kwa boya (kielea cha kwenye mshipi), ila fimbo ya kuvulia ya mita 2 na ya mita 4 zinakuchanganya. Chukua ya mita 4. Fupi ni ya mtumbwini. Ukiwa ukingoni, ndefu inakuvusha matete. Ishike kwanza dukani, ikilemea mbele iache.

Mshipi wa milimita 0.20, ndoano ndogo, chambo nyungunyungu. Wengi hukosea kwenye boya: likielea kama chupa, perege anaonja na kutema hujaona kitu. Ongeza chubwi (kizito cha mshipi) kidogo kidogo hadi ibaki ncha ya boya tu juu ya maji. (Boya langu ni kipande cha ndala.)

Leseni, muulize afisa uvuvi. Ukienda Mto Ruvuma, usiingize mguu majini, mamba wapo.