Kilima Kilichogeuka Shimo, na Maswali Mengine Kuhusu Picha za Setilaiti

Barua za mwezi huu, kutoka Kasulu, Ujiji, Sikonge na Kibirizi, zimeuliza kuhusu picha za setilaiti ambazo siku hizi mtu yeyote mwenye simu na salio la intaneti anaweza kuzifungua. Nimeanza na barua ya Kasulu, nami nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu kosa linaloelezwa humo huwapata watu wengi bila wao kujua.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni dereva wa bodaboda. Katika picha ya setilaiti niliona shimo kubwa la mviringo karibu na kijiji cha shangazi yangu, na mto wa jirani ukionekana umeinuka kama tuta la reli. Nilipokwenda kumsalimu nilikagua mahali pale: hakuna shimo, kuna kilima. Shangazi amezaliwa pale na hajawahi kusikia habari za shimo. Je, picha hizi huchezewa? *Msomaji, Kasulu*

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Picha haikuchezewa, na macho yako ni mazima. Tangu utotoni jicho limezoea mwanga unaotoka juu, iwe ni wa jua au wa taa, na kwa hiyo linapotazama picha yoyote hukisia kwamba mwanga umeingia kutoka upande wa juu wa picha hiyo. Upande ulioangazwa wa kitu hulifanya lione mwinuko au bonde kufuatana na kisio hilo.

Sasa fikiria jinsi picha yako ilivyopigwa. Ramani hizi huwekwa kaskazini ikiwa juu. Setilaiti nyingi zinazopiga picha za nchi kavu, kwa mfano zile za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, hupita asubuhi, kiasi cha saa nne na nusu kwa kufuata jua, ambayo kwa saa zetu za mkononi huku Kigoma ni karibu saa tano na nusu, kwa kuwa sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi na tunafuata saa moja na ndugu zetu wa pwani. Wakati huo jua bado liko upande wa mashariki. Lakini tangu mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua letu hupita upande wa kusini, kwa hiyo mwanga huingia kwenye picha kutoka pembe ya chini kulia, na vivuli hulala kuelekea juu kushoto. Jicho hukataa kuamini kwamba mwanga umetoka chini. Hulazimisha utoke juu, na papo hapo kilima kinakuwa shimo na bonde la mto linakuwa tuta. Picha iliyopigwa Juni au Julai, jua likiwa kaskazini, itakuonyesha kilima kikiwa kilima.

Angalia tarehe ya picha, ambayo kwa kawaida huandikwa pembeni au chini ya skrini. Kisha funga mzunguko wa skrini ili picha isijigeuze yenyewe, halafu igeuze simu juu chini. Utaona shimo likiinuka mbele ya macho yako. Ukiwa na mashaka, tafuta nyumba au mti mkubwa, utazame kivuli chake kimelala upande gani, kwa sababu paa la nyumba haliwezi kuwa shimo.

Kosa hilohilo ndilo lililoipa umaarufu sura iliyoonekana mwaka 2006 katika jimbo la Alberta nchini Kanada, iitwayo Badlands Guardian. Inafanana kabisa na kichwa cha mtu aliyevaa kilemba cha manyoya, na sikioni ana kitu kama waya wa kusikilizia muziki. Kumbe uso ule ni mabonde yaliyochimbwa na maji ya mvua katika udongo laini, na ule waya ni barabara inayoishia kwenye kisima cha kuchimbia nishati. Shangazi yako alikuwa sahihi, nawe umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umekwenda mwenyewe kutazama.

SWALI: Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wanajua maajabu ya Misri na Peru waliyoyaona mtandaoni. Je, hapa kwetu kuna kitu cha kuwaonyesha? *Mwalimu, Ujiji*

JIBU: Mwalimu, kipo, na kingine kiko karibu na darasa lako. Anza na kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapo Ujiji mwaka 1871. Waambie wanafunzi watumie kipimio cha umbali kilichomo katika programu, wapime kutoka kwenye kumbukumbu hadi ukingo wa ziwa. Watashangaa, kwa kuwa masimulizi ya wakati ule yanauweka mji kandokando ya maji. Ziwa ndilo lililohama. Maji ya Tanganyika yalikuwa yamepanda sana hadi mwaka 1878, kisha yakabomoa kizuizi cha udongo na majani katika mto Lukuga, upande wa Kongo, ambao ndio mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa hili, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Baada ya hapo fungueni picha za miaka tofauti za ufukwe wa Kibirizi na bandari, mlinganishe. Wazazi wa wanafunzi hao wamekwisha kuona maji yakirudi na kuingia kwenye majengo katika miaka ya karibuni, na picha zitawaonyesha ni wapi hasa.

Pili, nendeni kaskazini hadi Gombe. Sijui mpaka mwingine katika mkoa wetu unaosomeka vizuri hivyo kutoka juu. Hifadhi ile ni ndogo, nchi kavu yake ni kama kilomita za mraba 35, na mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika mwaka 1960 misitu iliendelea mbali nje ya eneo lake. Leo utaona utepe wa kijani umebanwa kati ya ziwa na vilima vya rangi ya kahawia vilivyolimwa. Picha za setilaiti za Marekani ziitwazo Landsat, ambazo zilianza mwaka 1972 na sasa hutolewa bure, zinaonyesha jinsi kijani kile kilivyobanwa katika miaka iliyofuata. Nakuomba usiliharakishe somo hilo. Waachie wanafunzi waseme wenyewe wanachokiona, maana baadhi yao wana mashamba ya babu zao katika vilima hivyo.

Meli ya Liemba nayo huonekana katika picha zilizo safi, ikiwa na urefu wa kiasi cha mita 71. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma kwa reli vipandevipande, ikazamishwa mwaka 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, ikaopolewa 1924 na kuanza tena kazi 1927. Fuateni ufukwe kwenda kusini hadi mdomo huo. Wakati wa masika maji ya mto hutandaza tope ziwani kama moshi.

SWALI: Katikati ya msitu wa hifadhi nimeona ndege kubwa imelala juu ya miti, na pembeni yake vivuli vyake vya rangi nyekundu, kijani na buluu. Nilitaka kutoa taarifa polisi. Je, nimegundua ajali? *Msomaji, Sikonge, Tabora*

JIBU: Ndege hiyo ilikuwa safarini, nayo ilikwisha kutua salama. Kamera ya setilaiti hainasi rangi zote kwa mpigo mmoja. Hunasa buluu, kijani na nyekundu kwa kupishana muda mfupi sana, kisha picha tatu hupangwa moja juu ya nyingine. Msitu haujasogea, hivyo rangi zake hulingana. Ndege ya abiria iendayo kilomita 900 kwa saa husogea mita 250 kila sekunde, kwa hiyo kila rangi huikuta mahali pengine. Ndege iliyoanguka ingekuwa na rangi yake halisi, na miti inayoizunguka ingekuwa imevunjika. Hata hivyo ulifanya vema kuuliza kabla ya kuisambaza picha.

Umeuliza pia kama kuna aliyewahi kugundua jambo la kweli kwa njia hii. Ndiyo. Mwaka 2008 Mwitaliano Vincenzo De Michele aliona duara dogo katika jangwa la kusini mwa Misri. Wataalamu walipofika mwaka 2010 walikuta kasoko, yaani shimo lililochimbwa na kimondo kilipoanguka, yenye upana wa mita 45, na vipande vya chuma cha kimondo vimetapakaa kuizunguka. Huku karibu yetu, Msumbiji, mwanasayansi Julian Bayliss aliuona msitu mkubwa wa mlima Mabu katika picha hizi mwaka 2005, na safari zilizofuata zikapata viumbe ambao sayansi ilikuwa haijawaandika. Naongeza neno moja kwa sababu ni haki: wenyeji wa Mabu walikuwa wakiujua msitu wao muda wote, na wakati wa vita walikimbilia humo. Kwa hiyo ukiona kitu kigeni katika misitu ya Tabora, mtu wa kwanza wa kumuuliza ni mrina asali anayepita humo kila msimu.

SWALI: Baba yangu ni mvuvi wa dagaa. Je, taa za mitumbwi yao zinaonekana kutoka angani? *Mwanafunzi wa darasa la saba, Kibirizi*

JIBU: Zinaonekana, mwanangu, lakini si katika picha za kawaida, kwa sababu hizo hupigwa mchana. Kuna setilaiti ya Marekani iitwayo Suomi NPP, iliyorushwa mwaka 2011, yenye chombo kinachoona mwanga hafifu wa usiku. Hupita juu yetu kiasi cha saa nane na nusu usiku kwa saa ya Kigoma. Kila nukta ya picha yake hufunika karibu mita 750 za maji, kwa hiyo hutaona mtumbwi wala mtu, utaona punje za mwanga zimetawanyika ziwani, mahali ambapo mchana ni maji matupu. Picha hizo hutazamwa bure katika tovuti ya NASA iitwayo Worldview.

Chagua usiku usio na mawingu katika siku za giza. Kukiwa na mbalamwezi wavuvi hupumzika, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa wakati mwezi unaangaza ziwa lote, na wewe utakuta ziwa halina punje hizo. Muulize baba siku alizoingia ziwani mwezi huu na upande aliokwenda, uziandike katika daftari, halafu mkae pamoja mzitafute.