Dadu ikishatua iache: kwa wewe unayeanza kuendesha gemu

Nawaandikia nyie mnaotaka kuanza kuendesha gemu za kuigiza za mezani, ambazo kila mchezaji anaigiza mhusika wake, masta anasimulia yanayotokea na kuwachezea maadui, na dadu ndo inaamua, zile za aina ya Dungeons & Dragons. Mi naendesha hapa Kigoma, tunakaa barazani kwa mwenzetu kule Mwanga kila Jumamosi jioni, umeme ukikatika tunawasha taa ya sola tunaendelea. Kila anayetaka kuwa masta huwa ananiuliza swali lilelile, kwamba dadu ikitoka vibaya je masta anaruhusiwa kuichakachua? Yaani umerusha nyuma ya pazia lako, kile kibao cha kukinga dadu zako zisionekane, umeona namba inayoharibu kila kitu, wachezaji hawajaona, unataja namba nyingine.

Jibu langu ni hapana. Na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu nimeshachakachua, tena kwa nia njema kabisa, na nimeona ilichotufanyia.

Kampeni yetu, yaani hadithi ndefu tunayoicheza wiki hadi wiki, inatembea mwaka 1871, msafara unatoka Unyanyembe kule Tabora unakuja Ujiji, na njia ya kawaida imefungwa na vita ya Mirambo kwaiyo inabidi uzungukie kusini. Ndo mwaka uleule Stanley alipita akimtafuta Livingstone, na yeye pia ilibidi azunguke. Sasa ili ufike Ujiji lazima uvuke Malagarasi, na Malagarasi ina mamba, hata Stanley punda wake mmoja alichukuliwa na mamba palepale wakati wa kuvuka. Nikasema siwezi kuacha hiyo, nikaweka mamba.

Wachezaji walikuwa levo ya kwanza. Kuna mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa anacheza mganga wa msafara, pointi za uhai 8, kinga 13, yaani shambulio lazima lifike 13 ndo limpate. Mamba akamrukia, nikarusha dadu ya pande 20 nyuma ya pazia, ikatua 20 kavu, yaani dadu yenyewe imeonyesha 20 kabla ya kujumlisha chochote. Ishirini kavu inamaanisha dadu za pigo zinakuwa mara mbili, mamba wa kawaida kwenye toleo la 5 la gemu hii, lile la mwaka 2014, anapiga dadu moja ya pande 10 ukijumlisha 2, kwaiyo hapo nikarusha mbili, zikatoka 9 na 8, ukiweka na ile 2 jumla 19. Toa 8 zake zinabaki 11, na sheria inasema pigo likikumaliza halafu kilichobaki kinafika au kinapita uhai wako kamili basi umekufa hapohapo, hamna kurusha za kuokoa maisha, hamna dawa. Ilikuwa Jumamosi yetu ya pili. Mwalimu alikuwa ameandika kurasa tatu za maisha ya yule mganga, kazaliwa wapi, kajifunza dawa kwa nani. Nikamwangalia, nikasema "kumi na moja, kakukosa".

Wote wakapumua, wakacheka, wakavuka mto. Mi nikajiona nimeokoa jioni.

Nikaendelea hivyo kama miezi mitatu. Namba ikizidi ukali naipunguza, adui akikosa mara nyingi mfululizo namwongezea kidogo ili mapigano yawe na moto. Kilichokuja kutokea ni kwamba watu walianza kucheza tofauti na sikuelewa kwa nini. Zamani wakiona moshi wa kambi porini walikuwa wanalala chini, wanatuma mtu mmoja akachungulie, wanajadiliana hadi chai inapoa. Sasa wakawa wanaingia tu. Siku moja mbele yao kuna rugaruga, wale wapiganaji wa enzi zile, zaidi ya 20 wenye bunduki, nikauliza mnafanyaje, na dada mmoja anayefanya biashara ya dagaa pale Kibirizi akasema bila hata kuinua kichwa, "tunaingia, masta wetu hatuui". Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesema kesho ni Jumapili. Wao hawakuwahi kuona dadu hata moja niliyobadilisha, lakini watu wanahesabu hata bila kujua kwamba wanahesabu. Miezi mitatu ya mapigano hakuna hata mmoja aliyekaribia kufa, hiyo haiwezekani na wao kichwani wanajua haiwezekani.

Hebu tuitazame hesabu kidogo maana wanaoanza wengi wanadhani 20 kavu ni muujiza. Nafasi yake ni 1 kati ya 20, asilimia 5. Ukiwa na maadui watatu, kila mmoja anapiga mara moja kwa raundi, na mapigano yakaenda raundi nne, umerusha mara 12, na nafasi ya kuiona angalau mara moja ni kama asilimia 46, karibu nusu. Maana yake wahusika wenye pointi 8 za uhai wakipigana usiku mzima, hilo pigo kubwa linakuja tu. Kama gemu yako haiwezi kulibeba, tatizo liko kwenye ulivyopanga mapigano kabla hujashika dadu. Mi kosa langu la Malagarasi lilikuwa hapo, niliweka mnyama anayeweza kumuua mtu wa levo ya kwanza kwa pigo moja, halafu nikashangaa alipotaka kumuua.

Kwaiyo kitu cha kwanza ninachowaomba, kabla hujarusha jiulize kama unaweza kuishi na kila namba inayoweza kutoka. Kama kuna namba huwezi kuikubali basi usirushe, wewe ndo masta, sema tu kilichotokea. Au badilisha kinachoshindaniwa kabla ya kurusha. Yule mamba ningeweza kusema wazi, jamani akikupata anakung'ang'ania mguu anakuvuta chini, wenzako wana raundi moja ya kukutoa. Hapo 20 kavu ingekuwa jambo kubwa la kutisha na bado mwalimu angekuwa na mganga wake. Rugaruga vilevile, si lazima waue, watu wa zamani kwenye njia hii walikuwa wanataka vitambaa na shanga, na watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kila msafara unaopita, kwaiyo kushindwa kunaweza kuwa kunyang'anywa mizigo yote, kutekwa, kupoteza wapagazi wakakimbia usiku. Tena hizo hasara zinawauma wachezaji kuliko kifo na zinazaa hadithi nyingine, mi nimeona watu wanakumbuka robota la kitambaa walilonyang'anywa kwa muda mrefu kuliko wanavyokumbuka bosi waliyemshinda.

Na kama una wageni kabisa, waanzishe levo ya 3, au waongezee pointi za uhai mbele ya wote, au kubalianeni kwamba mwezi wa kwanza hafi mtu. Hamna aibu hapo. Ni makubaliano, kila mtu anayajua, kwaiyo hamna anayedanganywa.

Sasa kuna uchakachuaji wa upande wa pili ambao watu hawausemi sana na mi naona ndo mbaya zaidi, wa kumwokoa adui. Nilikuwa nimeandaa mkuu wa genge, nimemfikiria wiki nzima, nina maneno yake ya mwisho, nina mlango wa siri, kila kitu. Pointi zake 60. Dogo mmoja wa bodaboda akatoa 20 kavu raundi ya kwanza, raundi ya pili wenzake wakamalizia, 60 zikaisha. Nikaona hapana, mapema mno, nikamwacha aendelee kusimama mpaka raundi ya tano ili nimalizie maneno yangu. Yule dogo alikuwa anaandika kila pigo kwenye karatasi yake. Tulipomaliza akaniuliza kwa upole tu, "kaka, yule jamaa alikuwa na pointi ngapi? Mbona amekula 97". Sikuwa na jibu. Alikuwa amefanya jambo bora kuliko yote aliyowahi kufanya kwenye gemu yetu na mi nililichukua nikalitupa kwa sababu ya hotuba. Ukimwokoa mchezaji kwa siri unamnyima hatari, ukimwokoa adui kwa siri unamnyima ushindi wake, na huu wa pili mchezaji anauhisi mkononi kabisa.

Najua wapo watakaokwambia vingine na si wajinga. Gemu hii Gary Gygax na Dave Arneson waliitoa Marekani mwaka 1974 na ubishi huu ni mzee. Hata kitabu cha masta cha toleo la 5, cha mwaka 2014, kinasema pazia linakupa nafasi ya kubadilisha matokeo ukitaka, kinatoa mfano wa mapigo makubwa mawili yanayofuatana, halafu kinashauri usifanye mara nyingi na usiwaonyeshe kwamba unafanya. Hapo pa kuficha ndo mi naachana nacho. Jambo ambalo likijulikana linaharibu meza, mi sitaki kuliweka kwenye meza. Zipo pia gemu zilizokwepa swali lote, Apocalypse World ya mwaka 2010 masta hashiki dadu kabisa, wachezaji ndo wanarusha mbili za pande 6 na masta anaitikia kilichotoka. Kama unajijua moyo wako mwepesi, anza na gemu za namna hiyo.

Wengine wanasema mbona masta anabadilisha vitu kila siku, kambi ilikuwa na watu 10 umeweka 6, hiyo si uchakachuaji? Kwangu siyo, wakati wachezaji bado hawajaiona hiyo kambi ni yako, ipange unavyotaka. Lakini ukishasema kwa mdomo kwamba wapo 10, au dadu ikishatua, si mali yako tena, ni ya meza nzima. Hata kwenye drafti ukigusa kete umecheza, na hatuoni kwamba ni ukatili, tunaona ndo mchezo wenyewe.

Kitu kingine msichanganye kuficha na kubadilisha. Zipo dadu za kuficha, mfano mtu anasikiliza kama kuna anayewafuata nyuma, akiona mwenyewe ametoa 2 atajua kwamba hajasikia vizuri na hofu yote imekwisha. Hizo narusha mkono umefunika mpaka leo. Namba naiacha ilivyo.

Za mapigano zote narusha wazi. Tuna sinia la wali tunaliweka katikati ya mkeka, masta anarusha humo, wachezaji humo. Kama unaanza na huna dadu usikwame, hapa mjini madukani mi nimekutana na za ludo tu za pande 6, kwaiyo mwanzoni tulikata karatasi 10 zenye namba 1 mpaka 10 tukaweka kwenye kopo, na shilingi moja ya kurusha, ikitoka upande wa kichwa unaongeza 10. Hapo una 1 mpaka 20 zenye nafasi sawa. Rudisha karatasi kila mara kabla ya kuchomoa tena. Msije mkajumlisha dadu za ludo mkadhani ni kitu kilekile, mbili za pande 6 zinatoa 7 mara 6 kati ya 36 lakini 12 mara 1 tu, inakuwa gemu nyingine kabisa. Simu nayo inafaa, programu za kurusha dadu zipo nyingi za bure, ila iweke katikati kila mtu aone kioo.

Na ukikosea kupanga, sema. Mi sasa nikiona mapigano nimeyaweka makali kupita kiasi nasimamisha nasema jamani hawa nimewazidisha, wawili nawatoa, mnakubali? Inachukua nusu dakika. Hamna aliyewahi kunidharau kwa hilo.

Usiku wa kwanza wa sinia mganga wa mwalimu alianguka. Safari hii hakufa papo hapo kwaiyo ikaja zile dadu za kuokoa maisha, 10 kwenda juu umefaulu, chini ya hapo umefeli, anayetangulia kufika tatu ndo jibu. Akafeli, akafaulu, halafu akatoa 1, na 1 inahesabiwa kufeli mara mbili. Watu wazima watano tumelala juu ya sinia hamna anayepumua. Yule dada wa dagaa akasema tumzike, hatuondoki hapa mpaka tumzike, tukatumia saa nzima ya gemu kwenye mazishi ya mtu wa karatasi, kila mhusika akasema neno. Wiki iliyofuata mwalimu akaja na mpagazi wa Kinyamwezi ambaye alikuwepo kwenye msafara siku zote na hatukuwahi kumpa jina.

Kama umeshachakachua na unataka kuacha, waambie. Usiwaambie katikati ya mapigano wala kwenye simu, subiri mmekaa wote kabla hamjaanza. Usijitetee sana, taja ulichofanya na useme kuanzia leo dadu ziko wazi. Mi nilisema jioni ileile ya sinia kabla hatujarusha chochote. Dogo wa bodaboda alitikisa kichwa tu, ya 97 alishaijua. Mwalimu akaniuliza yule mamba wa Malagarasi ilitoka ngapi kweli. Nikamwambia 20 kavu, pigo 19. Akanyamaza kidogo, akachukua kalamu, akaandika hizo namba mbili pembeni ya karatasi ya mganga wake, akasema haya masta, tuendelee.