Distempa: Usiiamini Nafuu ya Kwanza

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja mwenye mtoto wa mbwa wa miezi mitatu. Mbwa huyo aliugua vibaya: homa, matongo mazito machoni, makamasi, kikohozi, kisha kutapika na kuhara mpaka akashindwa kusimama. Daktari wa mifugo alimpima akasema ni distempa, ugonjwa wa mbwa unaoletwa na virusi. Sasa dada huyu ananiandikia kwa furaha kwamba homa imeshuka, mbwa anakula na anatikisa mkia, na ana maswali matatu. Je, aache dawa? Je, amrudishe kwa mbwa wake mkubwa? Na watoto wake aliowazaa wako salama?

La mwisho ndilo jepesi. Binadamu haugui distempa ya mbwa. Virusi vyake ni ndugu wa virusi vya surua, na ni ndugu wa vile vya sotoka, ugonjwa uliomaliza ng'ombe kwa vizazi na vizazi kabla ya kutangazwa kuwa umetokomezwa duniani mwaka 2011. Undugu huo hauufikishi ugonjwa huu kwetu. Paka wa nyumbani naye haugui. Kwa maswali mawili ya kwanza jibu langu ni hapana na hapana, na nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu nafuu hiyo naijua. Iliingia kwangu, nikashukuru Mungu, kisha ikanichukulia mbwa.

Niliwachukua Popi na Kito, dume na jike wa tumbo moja, kwa mfugaji aliyesifiwa na kila mtu. Walikuwa na wiki saba. Kila mmoja alikuja na kadi yenye muhuri mmoja wa chanjo, na nilipouliza kama kuna nyingine zilizobaki, niliambiwa waziwazi kwamba chanjo imekamilika. Mpaka leo kauli ile inaniuma. Mtu aliyezalisha mbwa miaka yote ile alijua kwamba sindano ya wiki ya saba ni mwanzo tu.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo watoto wengi wa mbwa wanapopotelea. Mtoto anaponyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, anapata kinga ya mama iliyokwisha tengenezwa. Kinga hiyo inamlinda wiki za mwanzo, lakini inapokutana na chanjo inaizima pia. Ni kama mlinzi wa getini anayemfukuza mwizi, na fundi aliyekuja kuweka komeo naye anamfukuza. Kinga ya mama hupungua taratibu, na hakuna ajuaye kwa kumtazama mtoto itaisha lini. Kwa mmoja ni wiki ya nane, kwa mwingine ni ya kumi na nne. Kwa hiyo chanjo inaanza wiki ya 6 hadi ya 8, inarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ya mwisho ya mfululizo huo ni lazima imkute akiwa na wiki 16 au zaidi. Ndivyo inavyosema miongozo ya WSAVA, chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo. Baadaye kuna ya marudio, ndani ya mwaka wa kwanza, na kwa mbwa mkubwa daktari atakupangia, kwa kawaida kila baada ya miaka mitatu. Muhuri mmoja kwenye kadi haujakamilisha kitu.

Popi alianza. Alilala mchana kutwa, mwili una moto, akakataa maziwa. Kesho yake alikuwa anacheza. Homa ya distempa huja mara mbili: ya kwanza siku chache tu baada ya virusi kuingia, nyepesi, wengi hata hawaioni, kisha inashuka. Wakati mwenye mbwa anafurahi, virusi viko ndani vinashambulia tezi na seli nyeupe za damu, yaani askari wenyewe wa mwili. Homa ya pili inamkuta mbwa hana jeshi. Ndipo unaona macho yanajaa usaha, pua inaziba, bakteria wanaingia mapafuni, tumbo linavurugika.

Kito akafuata. Wale wawili walikuwa wanakula bakuli moja, wanalala pumzi moja, na ugonjwa huu unasafiri kwa chafya na kikohozi kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Nilikwenda kliniki mbili. Ya kwanza nilishauriwa, kabla hata hawajapimwa, niwalaze wote usingizi wa mauti kwa sindano, nitafute wengine. Niliwabeba nikaondoka. Ya pili walichukua usufi wa machoni na damu, wakaniambia ukweli: hakuna dawa inayoua virusi vya distempa. Kinachofanyika ni kumshikilia mbwa asife wakati mwili wake unapigana. Maji ya mishipani kwa sababu ya kuhara na kutapika. Antibayotiki kwa ajili ya bakteria wa mapafu, si kwa ajili ya virusi. Dawa ya kuzuia kutapika. Chakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi.

Na uuguzi. Hili halina mkato. Kufuta macho na pua kwa pamba iliyolowa maji ya uvuguvugu, maana mbwa asiyenusa hali chakula. Kumkalisha kwenye chumba chenye mvuke ili makohozi yalegee. Kumgeuza upande akishindwa kujigeuza. Kubadilisha matandiko usiku wa manane. Mimi niliyafanya yote hayo nikiwa naenda kazini asubuhi, na nasema kwa fahari kwamba daktari mwenyewe alikiri Kito amepona kwa mikono ya nyumbani kama alivyopona kwa dripu.

Kwa sababu walipata nafuu wote wawili, dada yangu. Hapo ndipo nataka unisikilize. Homa ilikwisha, kuhara kukakatika, Popi akarudi kwenye bakuli lake kwa kishindo. Nyayo zilikuwa zimekakamaa, pua imekuwa ngumu kama inataka kupasuka, lakini nikasema hayo ni makovu ya vita. Daktari hakusema hivyo. Alisema ngozi ya nyayo na pua ikikakamaa namna hiyo tukae macho, kwani mara nyingi ubongo nao umeguswa.

Dalili za ubongo kwa kawaida huja wiki moja hadi tatu baada ya mbwa kuonekana amepona tumbo na mapafu. Nyingine huchelewa hadi miezi. Popi alianza kutafuna hewa. Taya zinagongana, povu linatoka, macho hayaoni mtu. Kisha kifafa cha mwili mzima, kimoja, halafu kingine kabla cha kwanza hakijaisha vizuri. Dawa za kifafa zilituliza siku kadhaa, zikashindwa. Hatimaye tulimsindikiza kwa sindano ileile niliyoikataa mwanzoni, na tofauti yake ni kubwa sana: safari hii alikuwa amepewa nafasi yake yote.

Kito alibaki. Mguu wake wa nyuma unaruka wenyewe, mara kwa mara, hata akiwa usingizini. Mruko huo kwa kawaida haupotei. Meno yake ya ukubwani yametoka na madoa ya kahawia kwa sababu virusi vilimkuta wakati gamba la meno linatengenezwa. Anakimbia, anabweka, anakula kama mchimba mtaro. Wapo walioniambia ningemlaza tu, mbwa mwenye mguu wa kucheza ana faida gani. Sikuwajibu wakati ule. Nawajibu leo: mruko haumuumi, haumzuii kuishi, na mtu anayeamua uhai wa mnyama kwa aibu ya jirani asifuge.

Nilimpigia simu yule mfugaji. Nilitaka awachanje waliobaki na awaambie wanunuzi wengine. Alinijibu kwamba wake hawajawahi kufa, kisha akaacha kupokea simu zangu. Ndugu zangu mnaozalisha mbwa, hela ya chanjo mbili zaidi haiwezi kuwafilisi. Mnachouza ni kiumbe. Kama mnamtoa kabla mfululizo haujaisha, na wengi hutolewa hivyo, andikeni kwenye kadi tarehe ya sindano inayofuata na msimdanganye mtu. Na nyinyi mnaonunua, dai jina la chanjo, tarehe na saini ya daktari. Chanjo hii ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Inatunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikishachanganywa haikai. Iliyozunguka mfukoni mwa mtu juani ni maji tu.

Asiyechanja asidhani anajidhuru peke yake. Mwaka 1994 distempa iliingia kwa simba wa Serengeti, ikaua takribani theluthi yao, simba wapatao elfu moja. Uchunguzi uliwanyooshea kidole mbwa wa kufugwa wasiochanjwa waliokuwa pembezoni mwa hifadhi. Mbweha, mbwa mwitu, cheche, wote wanaugua. Chanjo ya mbwa wako inalinda hata wanyama ambao hutawaona maisha yako yote.

Sasa nirudi kwenye maswali yako, dada. Dawa malizia kama ulivyoandikiwa, hata akirukaruka. Usimrudishe kwa mwenzake. Mbwa aliyepona anaweza kuendelea kutoa virusi kwa wiki kadhaa, na wengine kwa miezi, hivyo daktari ndiye aseme lini. Yule mkubwa mpeleke akaguliwe chanjo zake, lakini kwa siku yake, si pamoja na mgonjwa. Mikono nawa, nguo badilisha ukitoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima. Bakuli na sakafu osha kwa sabuni, halafu dawa ya klorini, na vinavyobebeka vianike. Virusi hivi ni dhaifu nje ya mwili. Jua, joto na ukavu vinavimaliza upesi, ila kwenye baridi vinadumu zaidi.

Akianza kutikisika, kuzunguka sehemu moja, kugonga kuta au kutafuna hewa, piga simu kliniki saa ileile. Usitie mkono kinywani mwake. Kichaa cha mbwa kinaweza kufanana na distempa kwa macho, na hicho kinaua watu. Akikuuma, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kuna jambo hukuuliza. Umesema alizaliwa na wenzake watano, wakagawanywa kwa watu. Watafute wote waliowachukua, uwaambie leo, hata kama watoto wao wa mbwa wanacheza na kula vizuri. Wiki hizi ndipo mbwa hao wanapoweza kuwa kwenye ile nafuu ya homa ya kwanza.