Kurasa zimepiga njano, komiki zangu bado zina bei?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Marehemu mjomba kaniachia komiki kama sitini hivi, nyingi za miaka ya 1960 na 1970. Kava ziko poa, zinang'aa, ila ukifungua ndani kurasa zote za njano na pembeni zinaenda kahawia. Jamaa mmoja ananiambia hizo bei imeshakufa nimuachie zote kwa mkupuo, mwingine anasema kuna dawa nipake zirudi nyeupe. Nishike lipi?

JIBU: Pole kwa msiba ndugu yangu. Huyo wa mkupuo muweke pembeni kwanza, mtu anayekwambia mali yako imekufa huku pochi anayo mkononi ana lake.

Njano kwa umri huo ni kawaida kabisa. Zilichapwa kwenye karatasi ya gazeti, yaani mbao iliyosagwa, na humo kuna kitu kinaitwa lignini, kikikutana na mwanga na hewa kinageuka rangi, halafu asidi iliyomo humo humo inakula nyuzi za karatasi pole pole. Ndo maana inaanzia pembeni, hewa inapoingilia. Kava ni karatasi nyingine, usiiamini sana.

Kampuni za kupima hali ya komiki kama CGC zinatoa gredi kuanzia 0.5 mpaka 10 (10 ndo bora kabisa), na rangi ya kurasa zinaiandika kivyake kwenye lebo, nyeupe, nyeupe iliyofifia, krimu, na kuendelea kushuka. Kwa hiyo komiki mbili zinaweza kuwa na namba moja ila weupe tofauti, na hapo ndo bei zinapoachana, hasa kwa zile za zamani sana. Angalia Action Comics namba 1 ya 1938, Superman alipotokea mara ya kwanza: nakala ya 9.0 iliuzwa dola milioni 2.16 mwaka 2011, nyingine ya 9.0 hiyo hiyo ikaenda dola milioni 3.2 mwaka 2014, na hii ya pili ilisifiwa sana kwa kurasa nyeupe. Sisemi ni rangi peke yake, soko nalo lilikuwa linapanda, ila haikuwa bure.

Mimi kwako ningeogopa ukavu zaidi kuliko njano. Shika kona ya ukurasa wa ndani kwa vidole viwili, inua taratibu. Ikijipinda laini na kurudi, we tulia, hata iwe krimu iliyokolea. Lakini ukisikia inalia kama jani kavu na vichembe vya kahawia vimebaki mezani, acha hapo hapo usijaribu tena. Hiyo ndo inaua bei kweli, maana nani anataka kitabu kinachomeguka akikifungua?

Dawa usiguse!! Kung'arisha kwa kemikali kunahesabika ukarabati, CGC wanakupa lebo ya zambarau na wanunuzi wengi wakiiona tu wanapita. Njano ikishaingia imeingia, unachoweza ni kuipunguzia mwendo: mfuko wa Mylar (plastiki ya kuhifadhia), kadibodi isiyo na asidi, boksi, mahali pakavu, pa baridi na giza. Mkusanyiko wa komiki wa jamaa aitwaye Edgar Church, ulioibuka Colorado, Marekani, mwaka 1977, unasifika mpaka leo kwa weupe wake, na hakukuwa na uchawi wowote, vitabu vilirundikwa vikabanana sehemu yenye hewa kavu, basi.

SWALI: Na hizi mpya je, nyeupe inaongeza bei?

JIBU: Wapi! Karatasi za siku hizi ni nzuri, nyeupe ndo inategemewa. Ikiwa ya njano tu ndo utaulizwa uliiweka wapi.