Kabla ya Runinga Kubwa, Nunua Mahali pa Kuwekea Video

Desemba ikikaribia, ndugu na majirani zangu hapa Kisumu huniuliza: ninunue runinga ya inchi ngapi? Nami huwauliza: video za ayie ya dada yenu, ile sherehe ya Waluo ya kukubali posa, ziko wapi? Mara nyingi ziko kwenye flashi moja tu, ile waliyokabidhiwa na mpiga video siku alipomaliziwa malipo yake, na nyumba nzima haina uhakika kama iko kwenye mkoba wa shangazi au kwenye droo ya kabati. Runinga ikiharibika, maduka ya mjini yamejaa nyingine. Sauti ya mzee akiibariki ndoa ya binti yake haiuzwi popote.

Ndiyo maana bajeti ya video nyumbani naipanga kuanzia kwenye hifadhi. Hifadhi kwanza, kisha ulinzi wa stima, kisha kifaa cha kuchezea, na kioo kije mwisho. Wengi hufanya kinyume: pesa zote zinaishia kwenye kioo, halafu video za familia zinabaki kwenye simu ya kijana ambaye kesho ataifuta ili apate nafasi ya kitu kingine.

Tuanze na hesabu, maana watu hununua diski bila kujua watajaza nini. Video safi ya 1080p, kiwango ambacho wapiga video wengi hukabidhi, ikiwa imetengenezwa kwa megabiti 10 kwa sekunde, hula takriban gigabaiti 4.5 kwa saa moja. Diski ya terabaiti moja itabeba zaidi ya saa 200 za namna hiyo. Kwa familia ya kawaida hiyo ni harusi, mazishi, ubatizo na Krismasi za miaka mingi. Usishtuke kompyuta ikikuonyesha gigabaiti 931 badala ya 1,000. Hujaibiwa, ni namna tu kompyuta inavyohesabu. Sasa linganisha na akaunti ya bure ya Google yenye gigabaiti 15: hapo unaingiza saa tatu hivi, na bando la kuzipandisha ni lako.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza tatizo ambalo huletewa mara kwa mara. Mtu anakuja na flashi ya gigabaiti 32, tupu kabisa, anasema imekataa kupokea video ya mazishi. Flashi ni nzima. Imepangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haukubali faili moja inayofika gigabaiti 4, hata nafasi iwe tele. Video ya saa nzima imeshapita hapo. Dawa ni kuipanga upya (format) kwa mfumo wa exFAT au NTFS, baada ya kutoa vyote vilivyomo, kwa kuwa kupanga upya kunafuta kila kitu. Ila angalia kwanza runinga yako inasoma mfumo gani. Nyingi za zamani zinajua FAT32 tu, na hapo itakubidi uikate video vipande viwili.

Nunua diski mbili za nje. Mbili, hata kama zote ni ndogo. Diski moja kubwa ya terabaiti nne ikianguka kutoka mezani umepoteza vyote, lakini mbili za terabaiti moja moja zenye vitu vilevile zinakupa nafasi ya pili. Wanaohifadhi picha na video kwa kazi hufuata kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja ikae mbali na nyumbani. Sisi watu wa huku tuna bahati kwa hilo la mwisho, kwa sababu kila mmoja ana dala, yaani nyumbani kijijini. Diski moja ikae nawe Migosi au Nyalenda, nyingine ikae kwa mama kule Siaya, imefungwa ndani ya mkebe wenye mfuniko unaobana, mbali na unyevu na watoto. Ukienda Krismasi unabeba yako, unaongeza mambo ya mwaka huo kwenye ile ya dala, basi. Moto, wezi au mafuriko vikipita mjini, video ziko salama.

Watu huniuliza kuhusu SSD, zile diski zisizo na kitu kinachozunguka ndani. Ni nyepesi, ni za kasi, na hazisumbuki sana zikianguka, kwa hiyo ni nzuri kwa anayebeba diski kwenye boda kila siku. Kwa kitu cha kukaa kabatini mwaka mzima bila kuguswa, mimi huchagua ile ya kawaida yenye sahani inayozunguka. SSD hutunza data kwa chaji ya umeme, nayo haifai kusahaulika miaka bila kuchomekwa. Isitoshe, kwa kila terabaiti ile ya kawaida ni nafuu zaidi.

Na tafadhali, jihadhari na flashi zinazouzwa stendi zikiwa zimeandikwa 1TB au 2TB kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani yake mna chipu ndogo iliyofundishwa kuidanganya kompyuta. Utanakili harusi nzima, majina ya faili yataonekana yote, ila ukizifungua zile za mwisho hazichezi, kwa sababu data haikuwa na mahali pa kukaa. Njia ya kujua ni kuijaribu kabla hujaiamini: kwa Windows kuna programu ya bure inayoitwa H2testw, kwa Linux na Mac kuna F3. Zinaijaza flashi hadi mwisho kisha zinaisoma tena. Inachukua muda mrefu, lakini iache tu ifanye kazi usiku.

Kuhusu WhatsApp nitasema kwa ufupi: hupunguza ubora wa video ili isafiri haraka. Ukitaka video ya mjomba ikufikie kama ilivyopigwa, mwambie aitume kama dokumenti. Na mpiga video akikuletea kazi, muombe faili zenyewe, si DVD peke yake. DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7 tu, tena kwa ubora wa chini kuliko kamera aliyokuja nayo.

Sasa kanda. Hapa naomba usikilize kwa makini, maana muda unatuacha. Nyumba nyingi za huku bado zina kanda za VHS za miaka ya themanini na tisini juu ya kabati: harambee za shule, harusi za wazazi, mazishi yaliyohudhuriwa na kijiji kizima. Unyevu wa ziwa hauzipendi. Ishike kanda kwenye mwanga wa dirisha, uangalie kupitia kile kidirisha chake kidogo. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Usiitie kwenye deki, kwa sababu utachafua vichwa vya deki na kuuhamishia kwenye kanda zinazofuata. Hiyo itafutie fundi anayejua kusafisha. Ikiwa nyeusi safi, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja bila kuicheza, ili tabaka zilizogandana miaka yote ziachane polepole. Kisha unganisha deki na laptopu kwa zile nyaya tatu, wa njano wa picha, mwekundu na mweupe wa sauti, kupitia kidude kidogo cha USB cha kunasa video. Programu ya OBS ni ya bure na inatosha. Chagua PAL, kwa kuwa ndio mfumo wa picha za runinga uliotumika Kenya. Ukiacha NTSC, mfumo wa Marekani, unaweza kupata picha isiyo na rangi au inayorukaruka.

Hakuna njia ya mkato hapo: kanda ya saa tatu inachukua saa tatu. Kwetu tuliigeuza kazi hiyo kuwa kikao. Nyanya alikaa karibu na deki na daftari likawekwa mezani, na kila sura ilipotokea akataja mtu ni nani, mtoto wa nani, ameolewa wapi. Majina hayo tuliyaandika kwenye faili ya maandishi ndani ya folda ileile ya video. Nawasihi mfanye hivyo wazee wakiwa bado wapo, kwa kuwa video ya watu wasio na majina itawasaidia nini wajukuu? Hata folda zenyewe zipe majina yanayojieleza, mwaka ukitangulia: 2019-12-28 Ayie, Bondo. Kompyuta itazipanga zenyewe kwa tarehe.

Tukija kwenye kutazama, jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba waifai ya nyumbani inaweza kupeleka video kutoka chumba kimoja hadi kingine bila kula bando hata kidogo. Ruta yako inafanya kazi hata kama hujalipia intaneti mwezi huo. Mimi hupendekeza kompyuta ndogo ya mezani ya mitumba, zile zilizotoka maofisini Uingereza, iliyowekwa programu ya Jellyfin. Ni ya bure, na inapanga video zako kwenye ukurasa mzuri wenye picha, nawe unazitazama kwenye simu, laptopu au runinga yoyote iliyo kwenye waifai hiyo. Ukiiacha inawaka saa 24 ikila wati 15, ni yuniti 11 hivi kwa mwezi, kwa hiyo izime mnapolala. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo sana ya bodi moja, hula stima pungufu ya hiyo, ila usiitegemee kubadilisha video nzito kutoka mtindo mmoja hadi mwingine. Ili usihitaji kubadilisha chochote, weka nakala ya kutazama ikiwa MP4 ya H.264, mtindo ambao karibu kila runinga inaucheza. HEVC, yaani H.265, huhitaji takriban nusu tu ya nafasi kwa ubora uleule, lakini runinga ya zamani itakuonyesha kioo cheusi. Programu ya HandBrake inageuza vizuri. Faili ya asili usiifute.

Kama hayo yote ni mengi kwako, laptopu yenye VLC, programu ya bure ya kuchezea video, na waya wa HDMI wa kuiunganisha na runinga inatosha kabisa.

Stima ya huku kila mtu anaijua. Ikipotea na kurudi, hurudi kwa kishindo, na hapo ndipo runinga na diski hufa. Gadi ya TV ni lazima: hukata volti zikipanda au kushuka kupita kiasi, kisha husubiri kidogo kabla ya kurudisha. Lakini gadi haizuii radi. Kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Kisii, mawingu ya alasiri yakianza kunguruma, chomoa plagi ukutani, na uchomoe pia waya wa antena au dishi, maana radi hupitia huko vilevile. Unaponakili video kwenye diski, tumia laptopu yenye betri nzima, ili stima ikikatika katikati faili isiharibike.

Runinga yenyewe sasa. Kwa sebule ya kawaida, mkikaa mita mbili na nusu hadi tatu, inchi 43 inatosha vizuri, na kwa umbali huo jicho halioni tofauti kubwa kati ya 4K na 1080p. Kagua matundu ya HDMI yawe angalau mawili na USB moja. Usilipe ziada kwa ajili ya programu zilizomo ndani. Huzeeka kabla ya kioo, na kisanduku kidogo cha nje kinaweza kuzibadilisha baadaye. Iweke mbali na dirisha kama mnakaa upande wa Dunga, kwa sababu ya wadudu wa ziwa.

Na kama mwezi huu pesa zinatosha kitu kimoja tu, nunua diski moja ya nje, uazime laptopu ya jirani Jumamosi, ukusanye flashi zote za nyumbani na simu za watoto, unakili kila kitu, kisha uzirudishe flashi zilipokuwa bila kuzifuta. Hizo ndizo nakala yako ya pili hadi utakapopata pesa ya diski nyingine.